Mikono Iliyolaza Nyuzi za Kioo

Mami wangu,

Ninakuandikia kutoka kwa dada yako, Tata Wacu, hapa Ngoingwa. Nyumba ya Kiuu niliirudisha kwa mwenyewe mwezi wa tano. Cherehani zako mbili ziko hapa sebuleni, zimefunikwa kwa shuka, na Tata hataki mtu aziguse. Meza yako ya kukatia vitambaa niliichukua mimi. Niliiweka dirishani, nikaweka hadubini juu yake, na tangu hapo nimekuwa nikijaribu kufanya jambo moja ambalo wewe ulilifanya mara ishirini na mbili huku ukilalamika kwamba nakuchelewesha. Nimeshindwa. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na mtu mwenye akili angeishia hapo.

Lakini nataka kurudi kwa ile Jumamosi ya kwanza. Nilikuja kutoka chuoni Juja na hadubini ya maabara na mita ya kupimia mwanga mkobani, na sanduku la plastiki mapajani, nimelishika kama yai, nikaliweka mezani katikati ya yunifomu za watoto wa watu. Ukafungua. Ukatoa uzi mmoja, ukauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni nini sasa?"

"Ni faiba, mami. Ndiyo inaleta intaneti."

"Hii? Na vile wamechimba barabara yote hapa Kiuu? Mimi nilidhani ni kitu kama bomba ya maji."

Nikakueleza, na ulisikiliza vizuri kuliko wengi walionisikiliza baadaye wakiwa na digrii. Kwamba ni uzi wa kioo, unene wake unakaribia wa unywele. Kwamba mwanga hausafiri katika uzi wote bali katika kiini cha katikati, chembamba zaidi ya mara kumi kuliko uzi wenyewe. Ukitaka kuunga nyuzi mbili, kiini lazima kitazamane na kiini, na ukikosea kwa kipimo ambacho jicho haliwezi kukiona, mwanga unamwagika njiani. Ziko mashine zinazousogeza uzi zenyewe huku zikipima mwanga, lakini maabara yetu haikuwa nayo hata moja. Utafiti wangu ulikuwa wa kutafuta njia ya mkono: kuzilaza nyuzi katika vifereji vilivyochongwa juu ya kibamba kidogo, kuzifunika kwa kipande cha kioo, kutia gundi, na kuikausha gundi hiyo kwa mwanga. Nilitaka kazi hii iweze kufanywa hapa kwetu, na mtu yeyote, baada ya kufundishwa wiki moja.

Shida ilikuwa gundi. Gundi ikikauka hunywea, na ikinywea huvuta uzi. Unaulaza sawasawa, unawasha taa, unapima, na uzi umehama.

"Ni kama kitambaa kibaya," ulisema. "Unashona vizuri, mtu akienda kufua mshono unavutika."

Nikasema ndiyo, ni hivyo hivyo. Nikafurahi kwamba umeelewa. Sikufikiria zaidi ya hapo. Sikujiuliza fundi wa nguo hufanya nini na kitambaa kama hicho.

Nilikuja nyumbani kwa sababu maabara siku za Jumamosi ilijaa watu, na kwa sababu nilikuwa nimevunja nyuzi nyingi mbele yao. Unajua mikono yangu hutoka jasho. Nilijaribu mbele yako mara tatu. Mara ya tatu kipande kikaruka kikapotea sakafuni, ukanifagiza chumba kizima mara mbili, kwa sababu nilikuwa nimekuambia kioo hicho kikikuingia kidoleni hukioni na hakitoki.

"Toka hapo, maitũ. Nipe nione."

Ulikuwa ukiniita maitũ, yaani mama, kwa kuwa nimebeba jina la nyanya, mama yako. Uliliita jina hilo zaidi ukitaka kunihurumia.

Taa ya kukaushia gundi niliyotoka nayo chuoni ilikataa kuwaka. Ukajifunga leso, ukatoka, ukarudi na ile taa ya kukaushia rangi ya kucha kutoka kwa Mama Shiko wa saluni, naye akiwa nyuma yako anataka kujua kunani.

"Mama Wambui, kwani leo mnapaka nani kucha?"

"Tunapaka intaneti."

Mama Shiko alicheka hadi akashika mlango. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeshainamia hadubini.

Kabla ya cherehani ulikuwa umefanya kazi miaka kumi na moja katika kiwanda cha nguo Thika, wewe na Tata, mkipitisha nyuzi za mtande moja moja katika matundu ya chuma kabla mashine haijaanza kufuma. Nyuzi elfu na elfu. Nilijua hivyo tangu utotoni, kama mtu anavyojua mzazi wake alizaliwa wapi. Sikuwahi kukuuliza kazi yenyewe ilikuwaje.

Ulilaza uzi wa kwanza. Ukalaza wa pili, uso kwa uso na wa kwanza. Ukafunika, ukatia gundi kwa ncha ya sindano, ukawasha taa ya kucha. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza, mgongo dirishani, ile mita ya mwanga mbele yangu. Namba ya mwanga unaopotea ilishuka, ikashuka tena, ikakaa. Niliiona nikadhani mita imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha. Namba ile ile.

"Iko sawa?"

"Iko sawa sana, mami."

"Haya lete ingine haraka, nina yunifomu za watu za kumaliza."

Ikawa hivyo karibu mwaka mzima. Jumamosi asubuhi, chai kwanza, halafu kunawa mikono, halafu hadubini. Kwako nyuzi hazikuhama. Zile chache nilizolaza mimi kabla yako zilikuwa zimehama, nami nikaziandika kama makosa ya mwanzoni, ya mtu anayejifunza, kisha nikaziacha nje ya hesabu. Wakati mwingine ulisema bila kuinua kichwa, "Kuja uangalie hapa kidogo." Nami nilijibu, "Endelea tu, mami, namba inashuka vizuri." Nilisema hivyo mara nyingi. Najaribu kukumbuka hata mara moja niliyosimama nikaja upande wako, na siipati.

Nilipoandika tasnifu niliandika kwamba nyuzi zililazwa kwa mkono na mtafiti, kwa kufuata hatua saba. Hatua hizo nilizitunga mimi kwa kufikiri jinsi jambo hilo linavyopaswa kufanyika. Hukuwahi kuzisoma. Sijui kama ulifuata hata moja. Na kwenye ukurasa wa shukrani niliandika kwamba namshukuru mama yangu kwa maombi yake. Kwa maombi, mami! Wewe uliyekuwa ukisinzia kanisani kwa sababu ya kazi ya Jumamosi.

Sikujiona mwongo. Hilo nalisema si kwa kujitetea bali kwa sababu ni la kutisha zaidi. Niliona wewe ni mikono tu, na mimi ndiye niliyekuwa nikifanya utafiti. Mtu akiazima kibano haandiki jina la kibano.

Daktari, msimamizi wangu, alifurahi. Makala yetu ikachapishwa. Mwezi wa tisa akaja mwanafunzi mpya wa uzamili, Kioko, mtoto wa wakulima wa Matuu, mtu wa umri wangu, na Daktari akampa kazi ya kuendeleza njia yangu: nyuzi nane kwenye kibamba kimoja badala ya jozi moja. Nilikusimulia habari zake, ukasema nimlete siku moja ale. Nikasema nitamleta.

Kioko alifuata hatua zangu saba kama mtu anayefuata maagizo ya dawa. Nyuzi zake zilihama zote. Alirudia. Alibandika hatua zile ukutani juu ya meza yake. Baada ya Krismasi akanijia.

"Wambui, hebu nionyeshe vile wewe hufanya. Mara moja tu. Nitakunyamazia kabisa, hata sitapumua."

"Ni mazoezi tu, Kioko."

"Basi hii mikono yangu ni ya jembe." Aliinyoosha mbele yangu, akaigeuza, akacheka. "Angalia. Hata kalamu huwa inaniogopa."

Mwezi wa pili aliuliza tena, na mara hiyo hakucheka. Nikamjibu yale yale. Ulikuwa hai. Ulikuwa Kiuu, umbali wa nauli mbili, na ungemwekea kiti na kumfokea na kumwonyesha. Hilo siwezi kulizunguka, mami, kila nikilijia liko pale pale. Nilihitaji kumleta mtu mmoja, Jumamosi moja. Lakini angeona ni nani anayelaza, na nilikuwa nimeshaandika kwamba ni mimi.

Mwezi wa nne ulitoka kwenda dukani, ukaanguka huko. Presha. Siku mbili hospitalini hukusema neno. Nilikushika mkono wa kushoto, na wa kulia ulikuwa juu ya shuka, na vidole viwili vilikuwa vikizungusha ukingo wa shuka, polepole, vikisimama, vikizungusha. Muuguzi alisema ni neva tu. Nilimwamini. Siku ya tatu havikuzungusha tena.

Baada ya mazishi nilijaribu kulaza nyuzi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi. Zikahama. Nikabadilisha gundi, nikapunguza gundi, nikakausha haraka, nikakausha kidogo kidogo. Zikahama. Mwezi wa sita Kioko akaondoka. Hakugombana na mtu. Alibandua karatasi yake ukutani, akaikunja, akaniambia kila mtu ana kitu alichoumbiwa. Nilimpa mkono. Nilimpa mkono, mami, nikamtakia heri.

Siku moja mwezi wa saba nilimweleza Tata habari ya vidole vyako na shuka. Alikuwa akitoa minji kwenye maganda. Akaacha.

"Huyo alikuwa anatafuta uzi."

"Anatafuta vipi?"

"Huko kiwandani tulikuwa tunauzungusha hivi, kati ya vidole, kabla haujaingia kwa tundu. Uzi uko na upande wake. Ulikuwa umekunjwa kwa gurudumu, si ndiyo? Bado unataka kurudi vile ulikuwa. Unauzungusha mpaka ukwambie unataka kulala wapi."

"Na ukishakwambia?"

"Unaulaza huko, basi! Kwani unauliza nini?"

Niliinuka nikaenda moja kwa moja kwenye hadubini. Kwa sababu nyuzi za kioo nazo hutoka kwenye gurudumu, na mkunjo huo unabaki ndani yake, mdogo mno kuonekana. Ukizungusha uzi hadi mkunjo uelekee chini, uzi wenyewe utajisukuma ndani ya kifereji, na gundi ikianza kuvuta itakuta kitu kinachoikataa. Nilidhani nimekupata. Nilimwomba Tata anionyeshe. Alijaribu, lakini vidole vyake sasa vimevimba viungo, na baada ya uzi wa pili aliusukuma mbali, akasema hicho ni kitu mkono ulijua zamani, na mkono umesahau.

Nilizungusha kwa wiki tatu. Nilijifunza kuusikia mkunjo, au kujidanganya kwamba nausikia. Nyuzi chache zilikaa vizuri kidogo kuliko zamani. Nyingine zilihama vibaya zaidi. Kulikuwa na kitu kingine, mami, kitu cha pili baada ya kuzungusha, labda na cha tatu. Labda ulikuwa ukivuta kidogo huku gundi ikianza kukaza, ukaachia kwa wakati wake. Labda ulikibonyeza kifuniko kwa ukucha. Labda uliusubiri uzi utulie, ukahesabu kimoyomoyo. Yote hayo yalitokea mbele yangu, umbali wa mkono wangu, mara ishirini na mbili.

Mwezi wa nane Daktari aliniita. Watafiti wa nchi nyingine walikuwa wamemwandikia kwa adabu kwamba hawawezi kuirudia kazi yetu. Hakuwa na hasira. Alikuwa amenitafutia hata njia ya kutokea.

"Wambui, mimi naona ni gundi. Si zile za kwanza zote zilitoka kwa chupa moja?"

"Ndiyo." Ilikuwa kweli.

"Basi. Chupa iliisha, gundi ya sasa si ile. Tuandike hivyo. Hakuna mtu atakulaumu."

Ilikuwa sentensi moja tu. Kila neno ndani yake lingekuwa kweli. Nilikaa nikiitazama kalamu yake, nikawaza kwamba nikinyamaza nitahitimu mwezi wa kumi na mbili, na Kioko ataishi maisha yake yote akiiangalia mikono yake kwa dharau.

"Daktari, si mimi niliyezilaza."

"Ni nani?"

"Ni mama yangu."

Akaweka kalamu chini. "Mama? Yule tuliyemzika?"

"Ndiyo. Alikuwa fundi wa nguo."

Alivua miwani akaiweka mezani. Nilingoja anifokee. Badala yake alisema polepole, kama mtu anayehesabu alichopoteza, "Mtoto wangu. Tungempiga video. Tungemwita hapa. Huyo mama tungemwandika wa kwanza." Halafu akasema, "Sasa tutamuuliza nani?"

Makala imeondolewa. Tasnifu yangu imerudishwa. Nimeambiwa naweza kuanza upya kwa mada nyingine, na muda wangu uliobaki hautoshi mada yoyote, kwa hiyo nimeandika barua ya kuacha. Katika taarifa ya kuondoa makala walinitaka nieleze sababu, nikaandika kwamba sampuli zote zilizofaulu ziliundwa na Margaret Nyambura, fundi cherehani wa Kiuu, Ruiru, aliyefariki, na kwamba njia yake haikuandikwa wala haijulikani. Hapo ndipo jina lako lilipochapishwa. Uliwahi kuniuliza, ukikata uzi kwa meno, "Kwani hata mimi unaweza kuniandika hapo chini?" nami nikasema hapo huandikwa watu wa chuo. Sasa umeandikwa, na ni kwenye karatasi inayosema kazi hiyo haipo.

Nilimpigia Kioko simu Ijumaa. Anafundisha fizikia katika shule moja karibu na kwao. Alipokea kwa furaha, akanitania kwamba lazima nimekwama na hesabu. Nikamwambia yote bila kupumzika, na nilipomaliza nilisikia wanafunzi wakipiga kelele nyuma yake.

"Kwa hivyo mikono yangu haikuwa na shida."

"Haikuwa na shida."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Kioko. Hakuna mtu angeweza kwa kufuata zile hatua. Hata mimi siwezi."

Akawaambia wanafunzi watulie. "Unajua mimi nilienda nikamwambia baba nimeshindwa. Mzee alikuwa amewaambia watu wote huko kwetu. Nikamwambia, baba, hii kitu haiko ndani yangu. Kwa hayo maneno."

"Pole."

"Ungeniambia mwezi wa pili, Wambui. Si nilikuuliza? Ningekuja huko kwa mamako na kreti ya maembe, nikae chini nimwangalie siku nzima." Hakupandisha sauti. "Wacha niingie darasani. Asante kwa kupiga."

Hilo la asante ndilo lililonimaliza. Ninalisikia nikichemsha maji, nikifunga mlango.

Tata anasema ungenicheka, kisha ungenipa chakula. Labda. Yeye anaamini kwamba ukweli ukishasemwa mtu hupata usingizi. Sijapata. Kuusema hakukumrudisha Kioko maabara, na hakukuirudisha njia yako. Ilikuwapo duniani, mahali pamoja tu, na nilikuwa mtu pekee aliyekaa mbele yake. Wanaoijua kazi hii wakisoma barua hii watasema mtu mwingine ataigundua siku moja, kwa mashine au kwa gundi bora. Inawezekana. Haitakuwa yako.

Namba zako ninazijua zote kwa mpangilio, kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini na mbili, naweza kuzitaja nikiwa nimefumba macho. Lakini majuzi nilichukua karatasi nikataka kuuchora mkono wako wa kulia. Nilianza na kidole gumba, nikasimama. Sikujua ukucha wake ulikuwa mrefu au mfupi. Sikujua kama kovu la mkasi lilikuwa kwenye kidole cha pili au cha tatu. Nilimwita Tata nimuulize, akafika mlangoni, nikasema si kitu.

Jumatatu naipeleka hadubini Juja. Tata anaitaka meza yako akatie mboga, na nimemwambia aichukue. Sitakuuliza tena ulifanyaje. Pumzika, mami.

Mimi binti yako uliyenizaa peke yangu,
Wambui